Bwawa la Lorene Lawekwa Rehani

Jumanne, 2 Aprili

Msimu wa bajeti umeingia. Bodi ya bustani na michezo inataka yale yale ya kila mwaka: nyasi zifyekwe, viwanja vichorwe, bwawa lipashwe moto, na kodi isipande hata senti. Mwaka huu sibembelezi mtu. Nitawatisha.

Wakurugenzi wote wa kazi hii tunaujua mchezo. Unachukua kile wananchi wanachokipenda kuliko vyote, unasema kitafungwa. Wanakuja kikaoni wakipiga kelele, bodi inaogopa, inakubali nyongeza ya kodi ipigiwe kura na wananchi. Hakifungwi chochote. Nimechagua bwawa la maji ya moto. Wazee wa mji huu huelea mle kila asubuhi kama maandazi kwenye karai. Bila hayo maji, nusu yao magoti hayakunjuki.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimemwita Lorene, msimamizi wa bwawa. Sikumwambia kwamba ni vitisho tu. Akijua hatalia vizuri, na mimi namtaka alie mbele ya bodi.

Akauliza, "Na mimi je, Gwen?" Nikasema kazi yake inakwenda na bwawa. Akauliza kuhusu bima ya matibabu — mumewe, Ray, ana saratani. Nikasema nayo inakwenda. Akanishukuru kwa kumwambia mapema. Kunishukuru!

Niliona raha kidogo. Naandika kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumatano, 1 Mei

Curtis wa uhasibu, anayejua ni vitisho, anasema nimwambie Lorene ukweli, mwanamke hali wala hapati usingizi. Nikamjibu nitamwambia baada ya kikao. Tena akikonda ndiyo vizuri, bodi itamwonea huruma. Curtis akaondoka bila kuniaga. Ana moyo wa jeli huyu.

Jumanne, 14 Mei

Naandika chooni, mlango nimeufunga. Dwight, mwenyekiti wetu, ametoa mapumziko mafupi kabla ya kura.

Ukumbi ulijaa. Wazee wote, wamevaa kama wanakwenda kanisani. Kila msemaji ana dakika tatu, taa nyekundu ikiwaka anakaa. Nikasubiri vilio. Akaanza mzee Orval na mkongojo wake. Akasema wamezungumza wenyewe bwawani, hawataki mji ugombane kwa ajili yao. Watoto wabaki na viwanja vyao. Wao wameshaogelea vya kutosha. Akakaa hata taa ya njano haijawaka. Wakafuata wengine, maneno yale yale, upole ule ule. Nilitaka kuwatikisa mabega!

Lorene akasimama wa mwisho.

"Mimi ndiye niliyewaomba wasipige kelele," akasema. "Gwen aliniita, akaniambia ukweli wote uso kwa uso. Kungekuwa na njia nyingine angeitafuta. Mimi namjua."

Ukumbi ukapiga makofi. Wananipigia mimi.

Dwight akaniinamia huku anatabasamu. "Umetuokoa, dada. Kura zetu zote tano ni za kulifunga, na kodi haipandi."

Kwa hiyo bwawa linafungwa kweli. Nikitoka sasa nikasema vilikuwa vitisho, kazi sina, na mji mzima unajua nilimfanyia nini Lorene. Nikinyamaza, Ray hana bima kuanzia Julai, bajeti mpya ikianza. Mimi ninyamaze tu, basi, hakuna atakayejua. Ila Curtis. Curtis ana mkopo wa nyumba, hatahatarisha kazi.

Naogopa. Sikumbuki lini mara ya mwisho niliogopa hivi.

Mlango unagongwa. Ni Lorene.

"Gwen? Uko salama, mpenzi? Wanakusubiri ukumbini, kura inaanza."

Nimesema nakuja.

"Usilie kwa ajili yangu," anasema. "Mimi na Ray tutajua la kufanya."

Amenipitishia tishu chini ya mlango. Macho yangu makavu kabisa. Nimefungua bomba, nimeilowesha tishu, najipaka chini ya macho —