Kumbe siku ile sikushukiwa

Shoga, nimetoka zahanati sasa hivi. Acha nikae kwanza.

Unakumbuka Jumapili nilivyoanguka kwenye maombi, ukanifunika shuka ukawaambia watu nimeshukiwa na Roho? Ni upungufu wa damu na vitamini.

Muuguzi, binti wa rika la mjukuu wangu, kaniuliza, "Bibi, asubuhi unakula nini?" Chai na mkate. "Mchana?" Chai na mkate. "Tangu lini?" Tangu mzee wangu afariki, maana kupikia mtu mmoja kunanichosha.

Akaacha kuandika. 

Anasema umri ukienda, tumbo halinyonyi vitamini kama zamani, ndiyo maana miguu yangu inakufa ganzi. Ningechelewa, huenda nisingetembea tena. Nimechomwa sindano, na kaniagiza nile mayai, samaki, maini.

Nikamwambia ile ganzi mimi nilidhani ni Roho. Akasema, "Roho haleti ganzi, bibi."

Wewe usicheke. Jumatano wakati wa kuimba nilikuona umeng'ang'ania kiti, macho umefumba. Nikakuonea wivu, nikadhani umenizidi imani.

Kesho saa mbili nakupitia ukapimwe. Nakuja na mayai mawili ya kuchemsha, na utayala nikikuangalia.