Nashon Okeyo, Mpiga Mistari wa Riruta Nyota

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile ya 1978 ulipotoka na karai lako la jivu na usirudi.

Uliianzisha Riruta Nyota mwaka 1966, ukiwa fundi viatu na mpangaji tu hapa Kawangware. Timu nyingine zilikuwa na kampuni, au kabila, au mheshimiwa. Yako haikuwa na mtu. Ligi ya chini kabisa, jezi alizoshona Mama kwa magunia ya unga, golini Mkikuyu, nyuma Mbukusu, mbele Mjaluo. Watu wakiuliza timu ni ya nani, ulicheka: "Ni ya anayekuja mazoezi!"

Chokaa ya kupigia mistari ya uwanja hatukuwa nayo. Kila Ijumaa ulipita mlango kwa mlango ukiomba jivu la jiko. "Mama Wangoi, nipe mstari wangu!" Nao walikuwekea. Mpaka kanisani ulikuwa na jivu masikioni, Mama akikugombeza, "Nashon, Mungu atadhani umeungua."

Ulikuwa mkaidi, tuseme ukweli. Mzee Gichuru, mwenye shamba tulilochezea, alikuambia kwa mdomo kwamba vijana wacheze hapo maisha. Wepukhulu, kapteni wako, alikusihi mwandikishane. Ukamkaripia: "Neno la Gichuru halihitaji muhuri!" Gichuru alipofariki, neno likaenda naye. Hilo lilikuwa kosa lako, Baba, na bado linatuuma.

Ndipo Pijo nyeupe, gari tusilolijua, ikaanza kuja. Ilisimama nyuma ya goli la upande wa mto, vioo vimefungwa, mechi nzima. Aliyekuwa ndani hakushangilia hata siku moja. Mara ya tatu akateremka na jezi mpya za timu nzima, pamoja na karatasi ya kutia sahihi ili tuhame. Ulimrudishia zote mbili. Wiki iliyofuata tukakuta vigingi vya mbao vya wapima ardhi, vichwa vimepakwa rangi nyekundu, vimepigwa kuzunguka uwanja wote.

Uliving'oa. Mama akavichoma kuchemshia chai, na jivu lake likapiga mistari ya Jumapili. Vikarudi, ukaving'oa tena, na ukacheka sana siku hiyo. Jirani yetu Ngina hakucheka. Alikwambia, "Okeyo, hao watu hawatakuja kupima mara ya tatu."

Jumamosi ile mstari wa kulia ulikuwa umenyooka mpaka nusu ya uwanja. Hapo jivu lilikuwa limemwagika lote. Tulikupata mtoni. Tukaambiwa uliteleza. Ati uliteleza! Miaka kumi na miwili ukikanyaga nyasi zile, siku hiyo ndiyo uteleze? Na karai lililokutwa ukingoni limeoshwa safi, nalo liliteleza?

Timu haijavunjika, ingawa wengine wameogopa, nasi hatuwalaumu. Wamebaki kumi na mmoja kamili, wa akiba hakuna. Pijo bado inakuja. Siku hizi haisimami uwanjani, inasimama mbele ya ploti yetu. Jumanne asubuhi Mama alifungua mlango akakuta kigingi, kichwa chekundu, kimepigwa palepale anapokanyaga akitoka.

Mimi nililia, Baba. Yeye hakulia. Alikitikisa mpaka kikang'oka, akakipasua kwa shoka, akakitia jikoni, akatuita sote tunywe chai. Jivu lake liko kwenye karai lako.

Jumamosi hii saa tatu asubuhi tutakuwa uwanjani, tuanzie pale ulipoachia. Majirani mliomjua, njooni na jivu lenu. Njooni wengi, tafadhali. Tusiwe wachache.

Unakumbukwa na mkeo Filister, na mimi bintiyo Awiti niliyeandika haya, na mdogo wako Ouma wa Kibera, na Wepukhulu pamoja na wachezaji wenzake kumi.

Hutatutoka moyoni, Baba, na mstari wako tutaumaliza.