Kabari ya Springi

Alhamisi, 8 Agosti 2024
Mkaratusi umelala uani wiki ya pili. Kipaimara cha Rose wiki ijayo, na kuni za kupikia wageni hakuna. Baba Rose amechoka na shoka — gogo lina mafundo, shoka linanasa tu. Kanituma kijiji cha Mutuka kwa mhunzi, mzee Gerson, nikachukue kabari ya kupasulia.

Mzee kanitolea mbili. Moja nene, butu, chuma laini. Nyingine ya springi ya lori, imechongoka kama kisu. Akanionya: hiyo ya springi igongwe kwa nyundo ya mti tu. Ukiipiga kwa nyundo ya chuma inamegeka, kipande kinaruka. Nikasema nimeelewa.

Nyundo yetu ni ya chuma. Nimechukua ya springi! Ile nene niliona itatuchelewesha.

Jumamosi, 10 Agosti
Gogo la kwanza limepasuka kwa mapigo matatu. Baba Rose akanisifu mbele ya Felix, mdogo wake, aliyekuja kutoka Sigino kusaidia. Nikasema moyoni nitamwambia maneno ya mzee akipumzika. Nikaingia jikoni kukoroga uji.

Mlio. Nikatoka mbio — Baba Rose amepiga magoti, viganja usoni, damu inapita katikati ya vidole. Jicho la kulia.

"Mama Rose, jicho lipo?"

Nikasema lipo. Ndani ya bajaji nimemshika kichwa mpaka hospitali. Gauni limelowa hadi magotini.

Jumapili, 11 Agosti
Wamelitoa.

Jumatatu, 12 Agosti
Felix amekwenda Mutuka asubuhi. Karudi na damu kwenye shati, siyo yake. Kaomba maji, kanawa taratibu, ndipo akaeleza. Mzee alisema alimwonya mwanamke aliyenunua. Felix akamwita mwongo, akaulaza mkono wa mzee juu ya fuawe, akaupiga nyundo. Mara mbili. Mkono wa kulia — wa kazi.

"Shemeji, alikuonya?"

Nikasema hapana. Nilisema haraka. Kisha nikampakulia chakula, akala.

Jumanne, 13 Agosti
Baba Rose ameruhusiwa. Nusu ya uso ni bandeji. Jirani kaleta habari: wanawe mzee Gerson wanamtafuta Felix. Felix anasema hatawasubiri, atawafuata hukohuko. Ananoa panga uani.

Baba Rose amemsikiliza mpaka mwisho. Halafu kanigeukia mimi.

"Mzee Gerson ndiye aliyenifulia jembe la kwanza. Sijawahi kumsikia akidanganya. Alikwambia nini?"

Panga likanyamaza. Nikasema chai inafurika, nikakimbilia jikoni. Hakuna chai. Sijawasha hata moto.

Nikisema, Felix yuko hatua kumi kutoka hapa. Nisiposema, anakwenda Mutuka kummaliza mzee wa watu kwa uongo wangu.

Baba Rose ananiita. Sauti ya chini, kama anayejua. Nimeitika "abee" — na Felix kasimama mlangoni, ananitazama ninavyoandika. Anauliza ni nini hicho, nimpe asome—