Kundi la Tatu Linaficha Kitu

Jumatatu, 2 Desemba

Nimegawa makundi ya kuichambua tamthilia yetu ya kale. Wanafunzi ishirini na wawili, makundi manne, na kelele za soko zima. Kundi la kwanza mavazi na zama. La pili mtunzi. La tatu: nani wamewahi kuicheza tamthilia hii duniani, wapi, lini — watafute mtandaoni, walete picha. La nne waigize onyesho la mwisho, pale Don Fadrique anaporudi kutoka baharini na kugonga mlango wa mkewe, Doña Aldara, aliyemngoja miaka na miaka. Semina tarehe 19.

Safari hii nimechanganya mitaa makusudi. San Salvador na El Carmen meza moja. Nimechoka kuona watoto wa Jogoo wa San Salvador upande wa dirisha na watoto wa Mwewe wa El Carmen upande wa ukuta, utadhani kuna mpaka wa nchi katikati ya darasa langu.

Nimemwambia jirani yangu Migdalia tukinywa kahawa. Nusura kahawa impalie. "Desemba? Nereida, shoga, una akili wewe? Wiki tatu tu tuingie parranda!" Nikamwambia mitaa ishindane kwa taa na fataki usiku wa tarehe 24, fasihi haina mtaa. "Haya," akasema. "Utakuja kuniambia."

Jumatano, 4 Desemba

Migdalia kasema kweli, nampa haki yake. Mabanda yote mawili yamefungwa minyororo. Kila mtaa unajenga mnara wake wa taa na gari lake la maonyesho, na hakuna anayemwambia mwenzake hata saa. Osmel wa El Carmen kaandika muhtasari wa kundi la tatu, kaukunja mara nane Dayanis wa San Salvador asiuone. Muhtasari wa tamthilia ya kale! Nikamuuliza, unaficha nini mwanangu? "Mazoea tu, Mwalimu."

Nilicheka. Halafu nikamkumbuka Evelio, kicheko kikaniishia hapo hapo.

Mume wangu alikuwa wa San Salvador, fundi wa banda. Mimi El Carmen tangu tumboni. Kila Desemba alirudi na rangi kwenye kucha. Nikimuuliza, mnajenga nini? "Utaona tarehe 24." Kitandani kwangu mwenyewe! Na Agosti ile ya 94 akatoka na wenzake wawili kwenda pwani ya Caibarién "kuvua samaki", kwa chelezo cha mapipa walichokiunga wiki tatu bila mimi kunusa kitu. Miaka ishirini na mitano. Alifika ng'ambo, hakufika — sijui. Si mjane, si mke. Kwenye fomu za shule, pale pa hali ya ndoa, naacha wazi. Karani kashazoea, hanirudishii tena.

Jumatatu, 9 Desemba

Mazoezi ya kundi la nne. Mtoto anayecheza Fadrique anagonga mlango kama askari. Nikamwambia, taratibu, huyu mtu ana aibu. Aldara anauliza kutoka ndani, "Nani?" Naye anajibu, "Mtu wa hapa." Basi. Maneno matatu, na tamthilia nzima imo humo.

Mwaka 89, nyumba ya utamaduni, Fadrique alikuwa Evelio na Aldara nilikuwa mimi. Kabla ya "Mtu wa hapa" alikuwa anakohoa. Kikohozi kidogo, kavu, cha mtu anayeogopa kuingia kwake. Mkurugenzi alimkataza, yeye akakohoa maonyesho yote sita.

Wenzangu ofisini huniuliza kwa nini sibadilishi tamthilia. Nawajibu ni mtaala. Uongo mtupu. Iko kwenye orodha ya kuchagua, na kila mwaka naichagua nisikie tu mtu akigonga.

Jumatano, 11 Desemba

Osmel kaja kushtaki. Dayanis kapata kitu bustanini, kwenye wifi ya umma, tangu Jumamosi. Kundi likikaa anafunika simu. Akiulizwa anasema bado anatafuta. "Mwalimu, anauficha utafiti kama ndio mnara wa San Salvador! Sisi sote tutafeli kwa ajili yake."

Nikamwita Dayanis. Binti msema hovyo huyu, siku zote mdomo wake hauna likizo. Leo kaangalia viatu. Nikampa mpaka kesho.

Yote haya kosa langu. Nilitaka kuvunja ukuta nikauongezea tofali.

Alhamisi, 12 Desemba



Nilimsimamisha Dayanis mbele ya darasa. Nikasema, onyesha mlichopata. Akasema, Mwalimu, niruhusu nikuonyeshe ofisini. Nikasema, hapa. Hakuna siri katika fasihi. Akasema, Mwalimu, nakuomba. Na mimi — ee Mungu wangu — nikamwambia, usipoonyesha kundi zima linapata sifuri, uwajibike kwa wenzako. Osmel akapiga meza, "Toa basi, we Jogoo!" Darasa likacheka.

Dayanis hakucheka. Alikuja mezani kwangu, akaweka simu mbele yangu, mgongo wake akawapa wenzake wasione kioo. Mkono wake mmoja akauweka begani kwangu. Mtoto wa miaka kumi na sita.

Video. Jukwaa dogo, mji mmoja wa pwani ya Yucatán, Meksiko, miaka miwili iliyopita. Tamthilia yetu. Mlango wa mbao. Mzee mwenye mvi, kajifunga leso nyekundu shingoni, anagonga taratibu. Sauti ya mwanamke, "Nani?"

Akakohoa.

Sikungoja "Mtu wa hapa". Nilifunga simu. Nikawaambia wafungue kitabu ukurasa wa arobaini, wasome kimya. Wakasoma kimya! Kwa nini, hata sijui. Labda uso wangu. Osmel akainua mkono akauliza kama bado watapata sifuri. Nikasema la.

Baada ya kipindi Dayanis alinieleza yote. Aliipata Jumamosi, akamwonyesha babu yake kwa sababu kwenye leso mna jogoo, akataka kujua jogoo wa San Salvador kafikaje Meksiko. Babu yake akakaa chini. "Huyu ni Evelio wa Nereida." Nyumba nzima wakaapishana wasiseme. Lakini Dayanis alikuwa ameshaandikia kundi lile la maigizo, akijitaja mwanafunzi anayefanya utafiti, wakampa namba ya mzee mwenyewe. Mzee kamtumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, mchangamfu, namna ya kumcheza Fadrique: mtu anayerudi asigonge kwa nguvu. Dayanis akashukuru, akaandika anatoka mji gani. Kuanzia hapo kimya.

"Nilitaka semina ipite kwanza, Mwalimu. Halafu ningekuja kwako na babu."

Nilimkumbatia. Nikamwambia asimwandikie tena mtu huyo neno. Kisha nikamwomba anirushie video kwenye simu yangu.

Ijumaa, 13 Desemba

Yuko hai. Nimepika wali ukaungua. Yuko hai.

Jumapili, 15 Desemba

Nimeitazama mara ngapi sijui. Kanenepa. Bega la kushoto bado liko chini, lile aliloangukiwa na boriti bandani. Anapogonga anaegemea mlango kidogo. Zamani hakuwa anaegemea.

Migdalia naye kaitazama, miwani puani. "Mshenzi!" kasema. "Miaka yote hii unamwashia mshumaa na mwenzio anapigiwa makofi! Mtukane, Nereida. Kama huwezi nipe mimi, nina matusi ya akiba." Nikasema labda alishindwa kuandika. "Mikono ilikatika?" Nikasema labda aliona haya. "Haya, mtetee, mtetee. Kahawa yako inapoa."

Nina hasira. Naiandika hapa niione: nina hasira naye mpaka meno yanauma. Wenzake wawili mama zao wamekufa wakingoja habari. Niliwazika mimi. Neno moja tu lingetosha, hata kwa postikadi.

Na bado. Nikiwa nafua leo nimejikuta nakohoa kile kikohozi chake, peke yangu, uani. Nataka aseme "Mtu wa hapa" na mimi niwe nyuma ya mlango. Ndiyo hivyo. Mwanamke wa miaka hamsini na sita, na ninachokitaka duniani ni hicho.

Alhamisi, 19 Desemba

Semina. Kundi la kwanza walileta mashuka ya mama zao wakayaita mavazi ya zama. La pili walinakili kila kitu kutoka mtandaoni pamoja na tangazo la sabuni. La tatu wakapanda Osmel na Dayanis pamoja, na ramani ya nchi saba ambako tamthilia imechezwa. Meksiko walitia nukta tu. Osmel akasema, "Kuhusu Meksiko utafiti unaendelea," akaenda kunywa maji. Kwa hiyo naye anajua! Kasimuliwa na Jogoo, na wiki nzima kafunga mdomo. Huenda darasa zima wanajua. Ukuta nilioutaka uvunjike umevunjika, na wameuvunja kwa ajili yangu.

Kundi la nne wakaigiza. Aldara akafungua mlango kama kitabu kinavyosema. Nikauliza, angefungua? Nawauliza kila mwaka.

"Mimi ningemwagia maji," kasema Osmel. "Ya moto."

"Mimi ningemwambia azunguke mlango wa nyuma, majirani wasimwone," akasema mwingine. Kicheko.

Dayanis akasema, "Mimi ningefungua. Siyo kwa sababu nimemsamehe. Ningetaka kuona sura atakayoiweka."

Nikaandika ubaoni kazi ya likizo. Kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika niliwapa mgongo.

Ijumaa, 20 Desemba

Siku ya mwisho ya muhula. Nimemwambia Dayanis: mwandikie. Jambo moja tu. "Mwalimu wetu wa fasihi anaitwa Nereida." Usiongeze, usipunguze.

Akaandika mbele yangu. Tiki moja. Tiki mbili. Zikawa za buluu nikiwa bado sijavaa mkoba begani.

Jumatatu, 23 Desemba

Hakuna.

Sasa nalijua ninaloliogopa. Miaka yote nilimngoja mtu ambaye huenda amekufa, na maiti hamkatai mtu. Huyu anaweza kunikataa.

Jumanne, 24 Desemba

Mji umefura tangu asubuhi. Nguruwe wanachomwa kila ua, fataki za majaribio, mbwa wa Migdalia yuko chini ya kitanda changu.

Saa tisa Dayanis kaja mbio, nywele zimejaa vumbi la kumetameta la bandani. Mabandani simu haziingii leo, baba yake anazikusanya mlangoni, asije mtu akapeleka picha El Carmen. Kwa hiyo kaileta kwangu. "Kajibu, Mwalimu. Sijausikiliza ujumbe mpaka mwisho, naapa." Kaniwekea mezani, kaniandikia namba ya siri kwenye kiganja, kaondoka. Mtoto wa Jogoo kamwachia simu yake mwanamke wa Mwewe, tarehe 24 Desemba. Babu yake akijua atazimia.

Nimesikiliza.

Kikohozi. Kisha pumzi, ndefu. "Binti. Mwambie mwalimu wako..." Nyuma yake gari linapita, mtu anauza kitu. "La. Usimwambie kitu." Halafu, kwa sauti ya chini, sauti ile ya kitandani: "San Salvador wana nini mwaka huu?"

Basi. Imeishia hapo.

Nilikaa. Nilitaka kulia, kikaja kicheko. Jamani! Robo karne, hujaniuliza kama nilikula, kama nilizika, kama nililala, unaulizia mnara wa taa! Na papo hapo nikajua. Hilo ndilo swali lililokuwa kooni kwake kila Desemba huko aliko. Hana pengine pa kugonga isipokuwa hapo. Angekuwa na uso wa kuniuliza habari yangu angeshauliza zamani.

Migdalia angenipa matusi. Aldara wa kitabuni ana hotuba ya kurasa mbili. Nilibonyeza kile kipaza sauti, kidole kikagoma kutoka, na nilichosikia kinywani mwangu ni hiki:

"Hawana kitu. Mtapigwa leo, Evelio, kama kawaida yenu. Ukitaka kujua wana nini, utaona tarehe 24. Ndivyo ulivyokuwa ukiniambia."

Nikatuma. Sauti yangu imezeeka, sikuwa najua.

Tiki mbili. Buluu.

Anarekodi, simu inasema hivyo juu kabisa, chini ya jina alilomwekea Dayanis: Mzee wa Video.

Ameacha.

Anarekodi tena.

Ngoma na kengele za El Carmen zimeshakunja kona, nazisikia zinapanda na mtaa wetu. Migdalia anagonga dirisha: "Nereida! Bendera yako iko wapi? Watu wako wanapita!" Sijawahi kuwakosa tangu niweze kusimama. Nimempungia mkono atangulie. Nimefunga dirisha zima, kisha lile la jikoni, kelele zisiingie. Kalamu mkono mmoja, simu mkono mwingine. Ngoma ziko mlangoni kwangu na mimi nimekaa ndani na jogoo wa watu.

Ameacha. Mara ya nne hii.

Anarekodi