Kikombe Kimoja cha Maziwa

Voi, Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa mikono miwili. Goti linaendeleaje, na yule ng'ombe wako mwekundu ameshazaa? Mimi ni mzima wa mwili. Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako unaiweka sauti ya juu, na kabla sijamaliza kusema jambo, Webuye nzima imeshalijadili. Hili lisome peke yako kwanza. Jirani yetu mwenye lori la mahindi yuko hapa Voi leo, ndiye atakayekuletea.

Uliniuliza huku napika nini. Sipiki, Mama, nagandisha. Mama Mghoi, mwenye kibanda ninachofanyia kazi, hatumii maziwa wala mayai. Aiskrimu yake ni tui la nazi, ndizi mbivu na maembe. Tunasaga, tunaweka kwenye friza, tunakoroga tena kabla haijawa jiwe. Pia tunauza juisi ya ukwaju na ya pasheni. Siku ya kwanza nilicheka, aiskrimu gani haina maziwa? Nikaonja kijiko, nikaonja cha pili, cha tatu Mama Mghoi akaninyang'anya sufuria. Kwa joto la hapa, kitu kile kikishuka kooni unasahau hata jina lako. Nakipenda kweli, na ndiyo maana naumia.

Jumanne Mama Mghoi alikwenda mazishini Mwatate, akaniachia kazi. Nazi zilikuwa chache, tui likatoka jepesi kama maji ya kuoshea mchele. Niliona aibu. Wewe ndiye uliyenilea hivyo: kwetu mgeni akipewa chai ya rangi, bila tone la maziwa, ujue kuna msiba au kuna ugomvi. Nikaenda kwa jirani, nikaomba kikombe kimoja cha maziwa, nikamimina kwenye ndoo ya aiskrimu. Kwa moyo mweupe, Mama. Nilidhani watu wasiokunywa maziwa wanayakosa tu, na kwamba nawatendea wema.

Mchana akaja mwalimu mmoja wa kike na binti yake Neema, wa miaka saba, wateja wetu wa kila wiki. Nilijua mtoto hatumii maziwa. Kwa nini, sikuwahi kuuliza.

"Ni ile ya kila siku, eeh?" mwalimu akasema.

"Ni ile ile, mwalimu."

Niliona haya kusema nimeibadilisha. Basi. Neema hajamaliza hata nusu, midomo ikavimba, akawa anavuta pumzi kwa shida huku amemshika mama yake nguo. Nilikimbia barabarani bila viatu kutafuta bodaboda. Alilazwa siku mbili. Yuko hai, Mungu ashukuriwe, lakini kule hospitalini ndiko nilikojua kwamba maziwa humfunga koo.

Mama Mghoi aliporudi aliniuliza, "Nekesa, uliweka nini?"

Nikasema, "Vile vile, Mama."

"Basi ni haya maembe. Mwadime ameanza kupiga dawa."

Mzee Mwadime ndiye anayetuletea maembe kutoka Kasigau. Ijumaa alifika na kreti mbili, Mama Mghoi akamwambia azirudishe, na asije tena.

"Mimi sipigangi dawa," mzee akasema. "Ndovu wameniachia miti minne tu, dawa ningepiga wapi?" Kisha akanigeukia mimi, maana ndimi ninayeyamenya maembe yake. "Nekesa, si wewe unayajua?"

Nikainama kuosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Nilisikia akibeba kreti ya kwanza, akarudi akabeba ya pili.

Jana mwalimu alipita kunishukuru kwa kuwakimbilia bodaboda. Kunishukuru mimi! Neema alisimama nyuma yake akaniuliza kama ataruhusiwa kula tena. Nikamwambia sijui.

Mama Mghoi anatoka kanisani saa nane. Nitamwambia yeye, kisha mwalimu, kisha nitatafuta gari la Kasigau nikamwone mzee Mwadime. Naogopa sana, Mama. Ndiyo maana barua hii nampa jirani yetu wa lori kabla ya saa nane. Ikishaondoka siwezi kurudi nyuma. Ukiisoma, jua nimeshasema.

Nisalimie Baba, na umwambie atumie dawa ya presha bila ubishi. Msalimie mke wa kaka, na bibi, mwambie leso yake sijaisahau.

Huenda nikafika nyumbani kabla ya Krismasi, na sanduku langu lote. Ukiniona langoni najua utakimbilia ng'ombe. Usikamue, Mama. Nipikie chai ya rangi.

Binti yako,
Nekesa