Mbwa Aliyeogopa Ufagio

3 Machi

Mwanangu,

Natumai kifua kimeacha kukusumbua. Mimi mzima, isipokuwa jicho la kushoto, ambalo daktari ameshalipangia upasuaji.

Sasa tugombane. Umeandika: "Mama, mbwa hawezi kuziba pengo la Baba." Nani kasema anaziba? Nimehariri gazeti miaka thelathini. Usinijibu hoja ambayo sikuitoa. Pengo la baba yako lipo palepale. Ila tangu tumzike, nilikuwa namaliza siku nzima bila kutoa sauti, hata ya kumlaani mtangazaji wa redio. Sasa namlaani, na yupo anayenisikiliza, kidevu juu ya mguu wangu.

Kwenye kituo cha mbwa waliookolewa waliniambia alifungwa mnyororo miaka sita katika kiwanda cha mbao. Akiona ufagio hutetemeka mpaka meno yanagongana. Basi ufagio wangu nimempa jirani. Nadeki kwa kitambaa, nimepiga magoti. Nimemwita Mzee.

Mama yako

20 Machi

Shikamoo Mama,

Kifua kimepona. Barua yako imenichekesha mpaka fundi mwenzangu akauliza kulikoni. Mimi mwanao ulinikimbiza na ufagio huohuo kuzunguka nyumba, leo mbwa kapewa msamaha!

Haya, nimeshindwa. Nenda katibiwe kwa amani. Dada atahamia kwako siku nne utakazolazwa hospitali, amlishe huyo Mzee wako.

Mwanao mtundu

11 Aprili

Shikamoo Mama,

Pole na jicho. Simu zangu hupokei, na sababu naijua.

Dada hakukusudia ubaya. Alitaka ukute nyumba inang'aa, akanunua ufagio mpya. Wewe hukumwambia kwamba Mzee anauogopa, na mimi niliyejua nililichukulia jambo hilo kama kichekesho, nikanyamaza. Alipouingiza chini ya kitanda, Mzee alikuwa kajificha humo. Akamng'ata mkono. Dada akanipigia simu analia. Ni mimi niliyesema, "Mrudishe kituoni, Mama atasahau."

Ananiambia ulirudi na bandeji jichoni, ukaketi, ukateremsha mkono pembeni ya kiti, ukapapasa hewa. 

Nisamehe. Nikutafutie mwingine, mdogo, mpole?

Mwanao

16 Aprili

Mwanangu,

Asante kwa pole. Jicho linaona. Kidonda cha dada yako nakiosha mwenyewe kila asubuhi, simlaumu.

"Mwingine," unasema. Kwani Mzee ni kikombe, kimevunjika? Nimeongea na kituo. Yupo, amegeukia ukuta, chakula hagusi. Mhudumu kaniambia wazi: mbwa mzee aliyerudishwa kwa kung'ata, hakuna anayekuja kumwulizia. Yeye aling'ata kwa hofu, nanyi mkamfukuza kwa hofu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na sababu.

Sikupigi simu kwa kuwa ungenikatiza. Daktari amenizuia kutoka nje wiki tatu, na Mzee hana wiki tatu. Kwa hiyo nisikilizeni, wewe na dada yako. Barua hii ikifika, omba ruhusa karakana, panda basi la kwanza, mpitie dada yako hapa kwangu, mwende kituoni. Mwingie alimo Mzee, nyote wawili. Msimvute, msimbembeleze kwa nyama. Kaeni sakafuni mpaka aje kwa miguu yake, hata kama mtashinda hapo kutwa nzima. Kisha mleteni nyumbani.

Mama yenu