Leseni Yangu ya Kupima Macho

Junda, Kisauni,
Mombasa.
18 Agosti 1962

Mpendwa Mjomba Mahfudh,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umfikishie mkaza mjomba Zubeida. Naomba barua hii iwakute huko Tabora nyote mu wazima, na kifua chako kimepoa. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mguu wa Mama umepona; jana alikwenda mazikoni kwa miguu akarudi bila kulalamika, ila juu ya watu waliochelewa. Ninyi wenzetu mmeshapata uhuru wenu. Sisi bado twangoja wetu, na kila baraza ina maneno yake.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Waniuliza habari ya binti yako Samiha, kwamba amemaliza shule na ataka kazi ya miwani kama mimi, nawe hujui kama ni kazi ya cheti au ni ya kuuza dukani tu. Mjomba, ni ya cheti, nami nimekipata! Jumatatu ya juma lililopita leseni ilifika kwa posta, imeandikwa jina langu zima, Nadhira binti Faraj. Haikuja kwa ulaini, basi nivumilie nikuhadithie.

Wajua nilivyoanza. Tajiri wangu mwenye duka la miwani mjini aliniajiri kwa sababu ya wanawake, maana wake za watu hawakutaka mwanamume awashike uso. Kazi yangu ilikuwa kuwavisha fremu nyuma ya pazia. Baadaye nikamwomba anifunze kupima, akanifunza. Nikamwomba anifunze kukata kioo na kukisugua, akanifunza pia. Mwenye haki apewe haki yake: yule bwana ni fundi kweli, wala hakunificha kitu.

Mwaka jana ndipo nilipoandika kuuliza masharti. Nilijibiwa kwamba mtu awe amesoma shule na hesabu yake iwe nzuri, awe amekaa miaka mitatu chini ya fundi mwenye leseni, na fundi huyo aandike barua kuthibitisha. Kisha kuna mtihani wa kuandika na mtihani wa mikono. Na sharti moja limepigiwa mstari: mpima macho hatibu. Akiona dalili ya ugonjwa ampeleke mtu kwa daktari. Hilo nilipolisoma nililiona dogo, nikalipita.

Mimi nilikuwa na miaka minne dukani. Barua ya fundi ndiyo iliyonikwamisha. Nilipomwendea tajiri akacheka.

"Nani amekwambia wewe ni mwanagenzi?" akaniuliza. "Wewe nimekuajiri ushike pazia."

Wallahi, Mjomba, sikuondoka mbele yake. Nikamwambia, "Bwana, sikuombi unisifu. Andika nilichokifanya kwa mikono yangu. Usiongeze, usipunguze."

Akafuta meza isiyokuwa na vumbi. Halafu akasema polepole, "Ukipata leseni utaniacha. Na wanawake wote wa Kisauni watakufuata."

Kumbe neno ndilo hilo! Ningeweza kumdanganya. Nikamjibu, "Nitakuacha, ndiyo. Lakini nitakuacha kwa heri, na kabla ya kuondoka nitamfunza mwingine."

Siku tatu hakunisemesha. Siku ya nne nikakuta barua juu ya kiti changu, ukurasa mzima, na kila alichonifunza amekitaja.

Mtihani wa kuandika niliumaliza kabla ya wakati. Ule wa mikono ulifanywa hospitalini, mbele ya watahini wawili: daktari wa macho, Mwingereza, na fundi mmoja mzee aliyetoka Nairobi. Kila mtahiniwa alipewa mtu katika wale waliokuja kutaka miwani, ampime na kuandika vioo vinavyomfaa. Mimi nilipewa Bwana Kenga, mchonga mawe wa Mwakirunge, mtu wa makamo.

Nikamwuliza ana nini. Akasema, "Mwanangu, ni vumbi la mawe. Nipe miwani nirudi kazini."

Jicho la kushoto lilikubali vioo vizuri. La kulia nikalijaribu kila kioo, halikusogea. Nikampa kadi yenye kitobo achungulie, maana kama kasoro ni ya kusahihishwa kwa miwani, katika kitobo kile mtu huona afadhali. Hakuona afadhali yoyote. Nikamwambia alifunike la kushoto, atazame mbele tu, nikaleta kidole changu kutoka ubavuni, aniambie akikiona. Mjomba, kidole kilikaribia pua yake ndipo aliposema, "Naam, hicho." Nikamwuliza kama hujigonga kwa watu. Akasema hujigonga, na kwamba taa huiona imezungukwa na duara la rangi. Hizo ni dalili za presha ya jicho, ugonjwa unaokula jicho moja kisha la pili.

Nikaandika vipimo vya jicho la kushoto, kisha chini yake nikaandika: Asipewe miwani kabla daktari hajamwona leo.

Yule fundi wa Nairobi akasoma, akakunja uso. "Binti, umeulizwa vioo. Hukuulizwa ugonjwa. Futa mstari huo wa mwisho."

Bwana Kenga naye akanigeukia kwa hasira: "Nimeacha kibarua changu kwa ajili ya miwani, wewe wanipa hospitali?"

Niliona miaka minne yote ikining'inia pale. Hata hivyo sikushika kalamu. Nikasema, "Nikiufuta nitakuwa nimempa miwani ya kupofukia. Mniandike nimeshindwa, mstari ubaki."

Daktari alichukua kurunzi yake, akamwinamia Bwana Kenga, akatazama jicho moja, akatazama la pili, akarudia. Kisha akamwita mwuguzi. Bwana Kenga alilazwa saa ile ile, na mimi nikarudi Kisauni bila kujua nimefaulu au nimeanguka. Nilingoja majuma sita. Majibu yalipokuja, jina langu lilikuwa la pili kutoka juu.

Basi Samiha mlete, Mjomba. Usimpeleke kwa mtu asiye na leseni, hata awe jamaa, maana miaka hiyo haitahesabiwa. Na tangu siku ya kwanza mwambie fundi aandike kwamba amemchukua kama mwanagenzi. Mimi sikufanya hivyo na umeona yaliyonipata. Tajiri amekubali kumpokea. Nilimwahidi kumfunza mtu kabla sijaondoka, na mtu mwenyewe atakuwa Samiha. Atalala chumbani kwangu, na Mama ameshaanza kuuliza apenda mboga gani. Hesabu airudie kabla ya kuja.

Mimi nimefungua chumba cha mbele hapa nyumbani, kwa sasa napima jioni nikitoka dukani. Juzi mteja wangu wa kwanza alikuwa Bwana Kenga. Jicho la kulia limekwenda, daktari hakuweza kulirudisha, lakini la kushoto limeokolewa, na alikuja na karatasi ya daktari ya kumruhusu miwani. Akasema, "Siku ile nilikukasirikia mpaka nyumbani." Nikampima, nikamtengenezea, jana akaja kuivaa. Alinitazama, akacheka mpaka akaketi.

"Lo! Kumbe u mtoto hivi? Kwa ile sauti, mimi nilidhani nabishana na bibi kizee!"

Mama aliyasikia akiwa jikoni, na tangu jana aniita Bibi Kizee.

Mama akusalimu sana. Kaka Badawi pia, na jirani yetu Mwanarehema asema hajasahau asali ya Tabora. Mbusu Samiha kwa niaba yangu. Mungu awahifadhi, na macho yenu ayaache na nuru yake mpaka uzeeni, inshallah.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,

Nadhira binti Faraj